Wajibu wa Mwenye Kuuliza

Kuuliza ni tendo jepesi kwa ulimi, lakini ni zito kwa madaraka. Aulizaye humtaka mwenziwe atoe kitu kilicho chake: jina lake, umri wake, makazi yake, kipato chake, pengine na maradhi yake. Mjibuji hutoa vitu hivyo kwa imani kwamba swali amelielewa, na kwamba jibu lake litaeleweka kama alivyolikusudia. Imani hiyo ikivunjika, hasara humwangukia mjibuji kwanza, na mwulizaji huenda asiione kabisa. Hapo ndipo linapotokea jambo la maadili ambalo watu wengi hulipita bila ya kulitazama. Mwenye kuuliza ana wajibu gani juu ya umbo la swali lake? Je, yatosha swali lionekane, au yapasa lieleweke kwa kila mtu atakiwaye kulijibu?

Zamani jambo hili halikuwa na uzito lilio nao leo, kwa sababu baina ya swali na mjibuji alikaa mtu. Katika ofisi za Tanganyika wakati wa ukoloni, na katika ofisi za Jamhuri kwa miaka mingi baadaye, fomu ya karatasi ilikuwa na karani wake. Mtu asiyejua kusoma alisimama mbele ya meza, na karani akayageuza maneno ya karatasi kuwa maneno ya kinywa. Mzee aliyeshuka kutoka mitelemko ya mlima Meru akisema kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani, karani aliutafuta mwaka huo katika kumbukumbu. Mama akitaja jina lake na la baba yake tu, karani alimwuliza la babu. Makarani hawakuwa malaika. Wako waliokuwa wapole na wako waliokuwa na kiburi na mkono mrefu. Lakini mwema au mbaya, karani alikuwa na fahamu, na fahamu yake iliziba matundu ya karatasi. Swali lililoandikwa vibaya liliweza kujibiwa vizuri kwa msaada wake.

Siku hizi karani ameondoka mezani. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya kazi za serikali, ya cheti cha kuzaliwa, ya kusajili kampuni, na hata mwanzo wa maombi ya kitambulisho cha taifa, hupitia katika fomu za mtandao. Njiro, upande wa kusini-mashariki ya jiji la Arusha, ni mahali pazuri pa kulitazama badiliko hili, maana ni mahali pa makazi, ofisi na vyuo. Chuo cha Uhasibu Arusha kipo huko, na hufundisha elimu ya hesabu pamoja na elimu ya kompyuta. Kwa hiyo katika mtaa mmoja hukaa kijana ajifunzaye kutunga fomu na jirani yake apaswaye kuijaza. Wawili hawa hawaonani. Aliyeitunga hajui ni nani atakayeijaza, na anayeijaza hana wa kumwuliza maana yake. Zaidi ya hayo, msomaji wa kwanza wa jibu si mtu tena, ni programu. Na mara nyingi hata swali lenyewe husomwa na mashine kabla ya kumfikia mtu: kivinjari chake, simu yake, au programu imsomeayo kwa sauti mtu asiyeona.

Ili jambo lieleweke, yafaa kujua fomu ya mtandao hutungwa namna gani. Kurasa za mtandao huandikwa kwa lugha ya alama iitwayo HTML. Toleo lake la pili, lililotolewa mwezi wa Novemba mwaka 1995, ndilo lililoweka kanuni za fomu: visanduku vya kuandikia, vitufe vya kuchagulia, na kitufe cha kupeleka. Mtunzi aliweza kuandika neno "Jina", na pembeni yake akachora kisanduku. Jicho la mwanadamu likiviona viwili hivi vimekaa pamoja, hufahamu mara moja kwamba hiki ni cha kile. Mashine haikufahamu hivyo. Kwake neno lilikuwa neno na kisanduku kilikuwa kisanduku, na ujirani wao katika ukurasa haukuwa ushahidi wa udugu. Toleo la nne, la mwezi wa Desemba mwaka 1997, lilileta alama ya lebo, ambayo kazi yake ni kutamka waziwazi kwamba neno hili ni jina la kisanduku hiki. Lilileta pia alama ya kuyakusanya maswali ya jamaa moja chini ya kichwa kimoja. Toleo la tano, lililokamilishwa tarehe 28 Oktoba mwaka 2014, likaongeza namna za kueleza aina ya jibu linalotakiwa: kwamba hapa panatakiwa tarehe, hapa namba ya simu, hapa anwani ya barua pepe.

Alama hizi hazionekani machoni. Fomu isiyo nazo yaweza kupendeza kuliko iliyo nazo. Ndiyo sababu wengi huziacha, kwa kuwa aliyeiagiza kazi huitazama kwa macho na kuilipia kwa macho. Lakini chukuliwe mfano wa mtu asiyeona akaaye Njiro, mwenye elimu na kompyuta, atakaye kuomba kazi ya ualimu. Si mfano wa mbali: huko Tengeru, chini ya mlima uleule, kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachowaandaa walimu wa elimu maalumu. Mtu huyu huisoma fomu kwa programu inayoyatamka maandishi ya skrini. Akikifikia kisanduku chenye lebo, husikia "Tarehe ya kuzaliwa", naye huandika. Akikifikia kisicho na lebo, husikia tu kwamba hapa pana kisanduku cha kuandikia, kitupu. Akisogea husikia maneno yaleyale, na akisogea tena, yaleyale. Visanduku kumi vimwulizavyo mambo kumi humfikia kama ukuta mmoja usio na mlango.

Hali huwa mbaya zaidi kwenye vitufe vya kuchagulia. Fomu nyingi humtaka mtu athibitishe jambo kwa "Ndiyo" au "Hapana". Ikiwa swali halikufungamanishwa na majibu yake kwa alama, mtu huyu husikia "Ndiyo", kisha "Hapana", bila ya kusikia anaulizwa nini. Akichagua, ameapa asilolijua. Asipochagua, fomu haipiti. Na kosa likigunduliwa baadaye, itasemwa kwamba alisaini mwenyewe.

Mtu wa namna hii hufanya nini? Hushika njia kwenda kwenye duka la steshenari, mahali ambapo kijana mwenye kompyuta huwajazia watu fomu kwa malipo. Huko humtajia mtu asiyemjua jina lake, namba ya kitambulisho chake, neno lake la siri, ulemavu wake na shida yake, na pembeni wapo wateja wengine wakisubiri zamu. Kwa hakika karani amerudi, ila amerudi bila ya kiapo cha ofisi na bila ya mkubwa wa kumwonya. Wengi wa vijana hawa ni waaminifu, na kazi yao ni ya halali. Lakini siri iliyotolewa kwa hiari ni jambo moja, na siri iliyotolewa kwa kukosa lebo ni jambo jingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba ule unataja haki ya kuzifikia habari na huduma, na unataja pia haki ya faragha. Fomu isiyo na alama huvunja haki hizi mbili kwa pigo moja, na huzivunja bila ya mtu yeyote kukusudia uovu. Uovu usiokusudiwa ndio mgumu kukemewa, maana hauna uso.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba jambo hili lawahusu wasioona peke yao. Mashine ni kipofu wa wote. Ikilikosa jibu, humkosea kila mtu.

Lichukuliwe jambo la saa. Mswahili huzihesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni saa ambayo mashine huiandika 08:00. Mgonjwa akiulizwa na fomu ya kliniki atafika saa ngapi, akaandika mbili, mashine isiyoambiwa chochote yaweza kumwekea zamu usiku wa manane. Dawa ya jambo hili ipo, na ina mafunzo. Katika HTML iko alama ya wakati, ambayo ndani yake mtunzi huandika "saa mbili asubuhi" kwa macho ya watu, na papo hapo huweka 08:00 kwa matumizi ya mashine. Kila msomaji hupata ukweli uleule kwa lugha yake, wala mmoja halazimishwi kuiacha desturi yake kwa ajili ya mwingine. Namna hiyohiyo tarehe 3/4 huwa ni Aprili tatu kwa Mtanzania na Machi nne kwa Mmarekani, mpaka itamkwe kwa utaratibu wa mwaka, mwezi na siku, ambao kanuni ya mataifa iliuweka tangu mwaka 1988.

Lichukuliwe na jambo la lugha. Kila ukurasa huweza kutaja lugha yake kwa alama fupi, na alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Wapo watunzi waandikao ukurasa mzima kwa Kiswahili na kuacha juu yake alama ya Kiingereza, kwa kuwa waliikuta hivyo katika kielelezo walichokinakili. Jicho halitambui kosa hili. Lakini mashine isomayo kwa sauti hutii alama, nayo huyatamka maneno ya Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza hata msikilizaji asiitambue lugha yake mwenyewe. Mtu aweza kuwa mgeni katika lugha ya mama yake kwa sababu ya herufi mbili zilizosahauliwa.

Jambo la majina ndilo lenye kina zaidi. Fomu nyingi huuliza jina la kwanza, la kati na la mwisho. Maneno haya yanataja mahali pa jina katika mstari, hayataji maana yake. Miongoni mwa Wameru jina la mwisho aghalabu ni la ukoo, kama vile Kaaya, Pallangyo au Mbise, na baba na mwana hulishiriki. Pwani, na katika nyumba nyingi za bara, jina la tatu ni la babu. Baba akiwa Ali Hassan Juma, mwanawe ni Omari Ali Hassan. Wote wawili wamesema kweli, lakini jina la mwisho la mmoja si la mwingine. Mtunzi aliyekipa kisanduku cha tatu alama ya jina la ukoo, kwa kuwa ndivyo kanuni za vivinjari zilivyopangwa na watu wa desturi nyingine, ameifundisha mashine uongo. Siku programu itakapotafuta jamaa kwa kulinganisha majina ya mwisho, itamwona Ali si baba wa Omari, na mwana huyo ataitwa kuthibitisha kwa nyaraka jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Kutoka hapa yapatikana kanuni ya pili. Ya kwanza ilikuwa kwamba swali litaje maana yake. Ya pili ni kwamba maana itajwayo iwe ya kweli kwa huyo aulizwaye, wala si kwa mwulizaji peke yake. Alama ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na alama, kwa kuwa asiyejua huweza kuuliza, na ajidhaniye kuwa anajua haulizi tena.

Hata namba ya simu ina somo. Kwa macho ni tarakimu kama tarakimu nyingine. Lakini hakuna mtu ajumlishaye namba za simu, wala hakuna simu iliyo kubwa kuliko nyingine kwa hesabu. Programu ikiichukua kuwa idadi, huitupa sifuri ya mwanzo kwa kuwa katika idadi sifuri hiyo haina thamani, na mwenye simu hapatikani tena. Vitu vifananavyo kwa sura huweza kutofautiana kwa asili, na haki ya kitu ni kuitwa kwa asili yake.

Wapo watakaopinga maneno haya, na hoja zao zastahili kusikilizwa. Wa kwanza watasema kwamba kazi hii ni gharama, na nchi ina mambo mengi yahitajiyo fedha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama lebo ingekuwa ghali. Lakini lebo ni mstari mmoja wa maandishi, na mtunzi huuandika kwa muda mfupi kuliko autumiao kuchagua rangi ya kitufe. Ghali ni kuirekebisha fomu baada ya maelfu ya watu kuijaza vibaya. Gharama iliyokwepwa na ofisi haikutoweka. Imegawanywa kwa wananchi, kila mmoja kwa nauli yake ya daladala, malipo yake ya steshenari na siku yake ya kazi iliyopotea.

Wa pili watasema kwamba mashine za leo zimefunzwa kukisia. Zimesoma maandishi mengi mno, nazo huweza kuitazama picha ya fomu na kusema kisanduku hiki ni cha nini, hata kama hakina alama. Ni kweli kwamba hukisia, na mara nyingi hupatia. Lakini swali la maadili si kama kisio litapatia mara nyingi. Swali ni nani atakayelipa siku litakapokosea. Mwulizaji anaijua maana ya swali lake kwa yakini, na kuitamka hakumgharimu kitu. Akinyamaza na kuiacha mashine ikisie, ameichukua yakini aliyo nayo mkononi, akaitupa, kisha akamwachia mjibuji bahati nasibu. Wala makisio hayo hayafunzwi kwa usawa. Mashine iliyosoma fomu nyingi za Ulaya na Marekani hukisia kwa desturi za huko, nayo itaona jina la babu kuwa jina la ukoo kwa moyo mkunjufu.

Wa tatu wana hoja nzito kuliko zote. Watasema kwamba jambo lisomekalo na mashine ni jepesi kukusanywa, na jambo lililo jepesi kukusanywa ni jepesi kuibwa na kutumiwa kwa ujasusi. Fomu za karatasi zilizorundikwa katika stoo ya ofisi ziliwalinda watu kwa vumbi lao. Hofu hii si ya bure. Lakini itazamwe vema: ulinzi wa vumbi haukuwa haki, ulikuwa bahati tu, na bahati hiyo hiyo ndiyo iliyopoteza mafaili ya wastaafu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2023, hudai kwamba taarifa ikusanywe kwa kusudi halali na lililotajwa. Hapo alama humsaidia raia. Mtunzi alazimishwaye kukipa kila kisanduku jina na aina yake hulazimika pia kujiuliza kisanduku hiki kimewekwa kwa nini. Vipo visanduku vingi vilivyonakiliwa kutoka fomu ya kale kwenda mpya, vya dini, vya kabila, vya hali ya ndoa, ambavyo hakuna mtu katika ofisi ajuaye faida yake. Asiyeweza kutaja maana na kusudi la swali hana haki ya kuliuliza.

Mbali ya hoja hizi, iko hila moja isiyofaa kunyamaziwa. Kwa kuwa alama hazionekani, mtu aweza kuandika moja kwa macho na nyingine kwa mashine. Wako waweka visanduku vilivyofichwa kuwa mitego ya programu za wahalifu, wakitumaini kwamba mtu hatavijaza kwa kuwa hatavioni. Nia yao ni njema. Lakini asiyeona husomewa kisanduku hicho pamoja na vingine, hukijaza kwa utii, naye huhesabiwa kuwa mhalifu. Mtego haujui mguu wa nani umeingia. Kwa hiyo mwenye kusema kwa ndimi mbili, hata akiwa na sababu nzuri, yampasa ahakikishe kwamba ndimi zote mbili zasema neno moja.

Kuuliza, basi, ni aina ya kukaribisha. Mwenyeji asemaye "karibu" huku mlango wake hauonekani hajakaribisha mtu. Miongozo ya kurasa za mtandao iliyotolewa mwaka 2008, na kuongezwa mwaka 2018 kwa sharti la kutaja kusudi la visanduku vya habari za mtu binafsi, imekwisha kuionyesha njia, na watunzi wa Arusha wanaweza kuisoma kama wasomavyo wenzao wa kwingineko. Kilichobaki si elimu, ni dhamiri. Karani wa zamani aliweza kuinua macho yake na kumtazama mtu aliyesimama mbele yake. Mtunzi wa fomu hana mtu mbele yake, ana skrini tu. Yampasa amwone kwa fikira mtu ambaye hatamwona kamwe kwa macho, na amwandikie swali ambalo mtu huyo ataweza kulijibu peke yake, kwa siri yake, kwa jina lake la kweli.